Ofisi ya watu 30: teminali seva au VDI? Soma huu uzi kabla hujasaini profoma

Swichi_Kuu (mleta uzi):

Wakuu salaam.

Tangu Windows 10 ikatiwe huduma Oktoba 14, 2025 hili swali linanifikia kila kukicha. Ofisi ina kompyuta za zamani, Windows 11 inazikataa sababu hazina TPM 2.0 (chipu ya usalama) au prosesa ni ya kizazi cha nyuma, bosi hana hela ya kununua mpya 30 kwa mkupuo, halafu anatokea muuzaji na profoma ya VDI (kila mtu kompyuta yake pepe ndani ya seva), seva mbili, storeji ya peke yake, leseni za miaka mitatu, na kikaoni hakuna anayeuliza kitu kwa sababu hakuna aliyeelewa anauziwa nini.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kama watu wako kazi yao ni Excel, barua pepe, Tally au Sage za uhasibu, na mifumo ya kwenye brauza, basi teminali seva (seva moja wanaingia wote) inawatosha na hela inabaki ya kununua UPS nzuri. VDI mpe mtu mwenye sababu ambayo unaweza kuitaja kwa sentensi moja. Ukishindwa kuitaja huyo mtu haihitaji. Na wala hulazimiki kuiweka ofisi nzima upande mmoja, unaweza kuwa na watu 26 kwenye teminali seva na wanne wenye mashine zao pepe na maisha yakaenda.

Sasa tofauti yenyewe, kwa asiyejua. Teminali seva (Microsoft wanaiita RDS toka Windows Server 2008 R2, ila mtaani jina la zamani ndilo limeganda) ni Windows Server moja wanaingia watu wengi kwa pamoja, kila mtu anaona deskitopu yake na mafaili yake, lakini Windows ni moja, programu zimewekwa mara moja tu, RAM na prosesa wanachangia. VDI ni kila mtu anapewa mashine pepe yake kamili yenye Windows 11 yake ndani ya seva. Waliowahi kupanga nyumba ya vyumba sita yenye LUKU moja watanielewa haraka: wa chumba cha tatu akichomeka hita, units zinaisha za nyumba nzima, na hakuna namna ya kumdai mpaka mjue ni nani. Hiyo ndiyo teminali seva. VDI kila chumba kina mita yake, amani ipo, ila kufunga mita sita umelipia wewe.

Na hii teminali seva sio kitu cha majaribio. Citrix walitoa WinFrame mwaka 1995 juu ya Windows NT 3.51, Microsoft wakachukua leseni ya ile teknolojia na mwaka 1998 wakatoa yao, NT 4.0 Terminal Server Edition. Kwa hiyo ni kitu kimezoeleka, mafundi wanaokijua wapo, na kikisumbua usiku utampata mtu wa kumpigia simu. VDI ikisumbua unahitaji mtu anayeelewa haipavaiza (programu inayoendesha mashine pepe), storeji, imeji mama (Windows ya mfano inayonakiliwa kwa kila mashine), na broka ya kugawa mashine, na watu wa hivyo mjini wanahesabika na bei yao unaijua.

Tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo profoma zinapojificha.

RAM kwanza. Kwenye teminali seva mtu wa kawaida mwenye Excel, Outlook na tabo kadhaa za Chrome mpigie GB 3, watu 30 ni 90, ongeza ya Windows yenyewe na nafasi ya kupumua, ukinunua seva ya GB 128 umetulia. Kwenye VDI kila mashine ina Windows 11 yake. Microsoft wanasema kima cha chini ni GB 4 lakini hapo mtu akifungua brauza na Teams atakuchukia, mpe 8. Watu 30 ni 240, na haipavaiza nayo inataka zake, umeshafika kwenye seva ya GB 320 au 384. Diski nayo, Windows 11 inaomba GB 64 kwa kila mashine, na saa mbili asubuhi wote 30 wanawasha kwa pamoja, diski za kuzunguka haziwezi kabisa hiyo kazi, lazima SSD na sio zile za bei chee.

Alafu leseni. Jamani leseni. Nisikilizeni vizuri hapa maana ofisi nyingi zinakuja kulia baadaye wakati wa ukaguzi.

Teminali seva unahitaji vitu vitatu: leseni ya Windows Server yenyewe (inahesabiwa kwa koo (cores) za prosesa na kima cha chini ni koo 16 kwa seva), CAL ya kawaida kwa kila mtu (leseni ya kuruhusiwa kutumia seva), na juu yake RDS CAL kwa kila mtu au kila kifaa. Hiyo ya tatu ndiyo inayosahaulika kwenye profoma. Na ubaya wake ni kwamba ukifunga RDS bila hizo CAL inafanya kazi safi tu kwa siku 120, fundi ameshalipwa ameondoka, halafu siku ya 121 watu wanakuja kazini hawaingii. Kitu kingine, ukiwa na Server 2019 au ya juu yake, usitumie CAL za mtu kwenye seva ambayo haiko kwenye domeini (mfumo wa kusimamia akaunti zote za ofisi sehemu moja), sesheni itakuwa inakatwa kila baada ya dakika 60. Kama huna domeini, nunua za kifaa.

VDI leseni yake ni mambo mengine kabisa. Windows 11 Pro iliyokuja na laptopu yako haikupi haki ya kuiweka kwenye seva kama mashine pepe. Unahitaji Windows Enterprise yenye haki ya VDA (ruhusa ya kutumia Windows pepe), ambayo wengi wanaipata kwa kulipia kila mwezi kwa kila mtu, halafu unalipia na broka, Citrix au Horizon (Horizon sasa iko chini ya Omnissa, sio VMware tena, tangu Broadcom wanunue VMware mwishoni mwa 2023 na kuuza kile kitengo). Hii ya malipo ya kila mwezi haikomi. Seva unanunua mara moja, hii utailipa mpaka siku utakapoizima, tena kwa dola, na dola inavyopanda wote tunaiona.

Na Office nayo. Ukitaka kuweka Microsoft 365 kwenye teminali seva lazima iwe inaruhusu uamilishaji wa kompyuta ya pamoja (shared computer activation), Business Standard hairuhusu, Business Premium inaruhusu. Watu wananunua Standard sababu ni nafuu halafu wanashangaa kwa nini inagoma kwenye seva.

Mpangilio ninaoupenda kwa watu 30 ni seva moja nzuri, Windows Server Standard ukailipia mara mbili kwa koo zote, inakupa haki ya mashine pepe nne. Moja domeini, moja mafaili na database ya Tally, mbili za sesheni watu 15 huku na 15 kule. Ukitaka kufanya apdeti unahamishia watu upande mmoja mchana, usiku unaumaliza mwingine. Usiweke watu kuingia kwenye seva ile ile ambayo ni domeini, nawaomba sana, mtu akibofya kiambatisho kibaya hapo umempa mwizi funguo za nyumba nzima.

Profaili za watu (mipangilio ya kila mtu) tumia FSLogix. Microsoft waliinunua 2018, na ukiwa na RDS CAL una haki ya kuitumia bila kulipia kitu cha ziada. Mtu akiingia seva ya kwanza leo na ya pili kesho Outlook yake inamfuata ilivyo.

Karibuni kwa maswali, nipo.

---

MamaLeja:

Asante kaka kwa elimu. Mimi ni mhasibu sio mtu wa IT lakini hili limenigusa maana ofisini walituwekea hiyo teminali seva na kwa Tally kwa kweli ni raha, tawi la Mwanza na sisi Dar tunaingia kampuni moja bila kutumiana bakapu kwa flashi. Kinachotuua ni printa. Invoisi tunatoa kwenye ile Epson ya riboni yenye karatasi za nakala tatu, inatoka imesogea, mstari wa jumla unaangukia kwenye ukurasa wa pili. Na mashine ya risiti za TRA ndo kabisa haionekani.

Swichi_Kuu:

Dada MamaLeja umegusa kitu ambacho wauzaji hawakiongelei kabisa, na kwenye ofisi zetu printa ndiyo inayoamua kama mradi umefaulu au la. Leza ya A4 haina shida, kuna kitu kinaitwa Easy Print tangu Server 2008, kinabeba printa ya mtu bila kuweka draiva kwenye seva. Lakini ya riboni yenye saizi ya karatasi ya kipekee Easy Print inaivuruga kwa sababu inazichora kurasa kama picha. Mwambie fundi aweke draiva halisi ya hiyo Epson kwenye seva, atengeneze saizi ya karatasi hapo hapo kwenye seva, na kama printa ina poti ya mtandao aiweke kwenye mtandao badala ya USB.

Mashine ya risiti inategemea imeungwaje. Kama inatumia USB au siriali kwenye kompyuta ya keshia, RDP ya kawaida (njia ya Windows ya kuingia kwa mbali) itakusumbua. Ushauri wangu keshia asiingizwe kwenye teminali seva kabisa kwa kazi ya kutoa risiti, abaki na programu yake kwenye kompyuta yake na database iwe kwenye seva. Huyu naye ni mtu wa sababu ya sentensi moja, ila sababu yake haimpeleki VDI, inambakiza kwenye kompyuta.

Kijana_wa_Imeji:

Mkuu naheshimu uzi wako ila nakupinga. Mimi nasimamia VDI ya kituo cha huduma kwa wateja, watu zaidi ya mia, na siwezi kurudi kwenye teminali seva hata kwa dawa. Mashine zetu ni za bwawa (pool), mtu akitoka inafutwa, kesho anapata mpya safi kutoka kwenye imeji mama, virusi havina pa kulala. Programu ya simu tunayotumia haikubali kabisa kufungwa kwenye Windows Server, muuzaji wake anasema wazi hatoi msaada. Na kuna yule mmoja anafungua tabo 60 za Chrome, kwako anaangusha watu 15, kwangu anajiangusha mwenyewe. Usiwatishe watu na bei, pigia na gharama ya kusimama kazi.

Swichi_Kuu:

Mkuu hapo hatupingani, wewe umetaja sababu zako na zote zinasimama. Programu inayokataa Windows Server ni sababu namba moja ya VDI, tena hapo hakuna mjadala. Watu zaidi ya mia wanaofanya kazi moja na imeji moja, VDI ya bwawa inalipa maana unatunza imeji moja tu. Na una timu. Mimi naongelea ofisi yenye watu 30 na IT mmoja ambaye ndiye huyo huyo anabadilisha wino wa printa.

Kuhusu mtu wa tabo 60, Windows Server toka 2008 R2 inagawa prosesa kwa haki kati ya sesheni yenyewe bila wewe kufanya kitu. RAM ndiyo haigawi hivyo, hapo unasema kweli kabisa. Dawa ni kuweka sera ya brauza ilaze tabo zisizotumika, na sesheni za watu walioondoka bila kutoka uzikate baada ya masaa mawili. Hilo la pili peke yake linarudisha RAM nyingi mno, watu wana tabia ya kubofya X wakidhani wametoka.

Pwani254:

Salamu kutoka Mombasa. Sisi ni ofisi ya wasanifu majengo, watu 22, watano wanachora kwenye AutoCAD na ArchiCAD, wengine ni mambo ya ofisi. Tumeletewa kotesheni ya VDI na kadi za NVIDIA ndani ya seva, bei yenyewe ni kama ya gari. Hao watano niwafanyeje?

Swichi_Kuu:

Ndugu yangu hao 17 waweke teminali seva leo. Hao watano, kadi za kugawana kwenye seva zina leseni yake ya vGPU (ya kugawa kadi moja kwa watu wengi) juu ya bei ya kadi, ndiyo maana bei imeruka hivyo. Kwa watu watano wape kila mmoja kompyuta yake ya kuchorea yenye kadi nzuri, zikae ofisini kwenye UPS. Wakiwa saiti au nyumbani waingie kwa RDP kila mtu kwenye kompyuta yake, Windows 11 Pro inaruhusu mtu mmoja kuingia kwa mbali bila leseni nyingine. Wanapata kadi yote peke yao na siku moja ikifa ni mmoja tu kasimama. Wakifika 20 hivi na wako miji tofauti hapo turudi kwenye hiyo kotesheni.

faiba_nyeupe:

Sasa mbona mnahangaika, kuna kale kaprogramu unaweka kwenye Windows 10 Pro inapokea hata watu 20 kwa wakati mmoja bure, mimi nimefungia maduka kibao na wanafanya kazi.

Swichi_Kuu:

Kaka nakuomba uache kuwafungia wateja hicho kitu. Leseni ya Windows ya kawaida ni mtu mmoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo umemuweka mwenye duka kwenye kosa bila yeye kujua, na akikaguliwa ni yeye atalipa, wewe hutakuwepo. Halafu kinafanya kazi kwa kudanganya faili la termsrv, Microsoft akitoa apdeti linabadilika na watu wanafungiwa nje, sasa mafundi wanazima apdeti ili kisife. Windows isiyo na apdeti, na najua wengi mmefungua na poti 3389 ya RDP kwenye ruta ili bosi aingie akiwa nyumbani. Mnakumbuka BlueKeep ya Mei 2019? Tundu lililokuwa linamruhusu mtu kuingia kwenye RDP ya Windows 7 na Server 2008 bila hata paswedi. Hiyo 3389 isionekane nje kabisa, weka VPN au RD Gateway (lango la kupitishia RDP) inayopita poti 443 na uthibitisho wa hatua mbili.

Mwenye duka la watu watano hata teminali seva haihitaji. Kompyuta tano na faili moja la pamoja na bakapu inayotoka nje ya jengo.

Binti_Klaudi:

Habari wakuu, na je kuiweka yote wingu? Azure Virtual Desktop au Windows 365 (kompyuta pepe za kulipia kwenye wingu la Microsoft), hununui seva wala UPS. Naona hamjaigusa kabisa.

Swichi_Kuu:

Swali zuri dada. Azure Virtual Desktop ina kitu kizuri ambacho huwezi kukipata kwenye seva yako ya kawaida, Windows 11 inayopokea watu wengi kwa pamoja, yaani programu inaona ni Windows 11 halisi lakini watu wanachangia mashine kama teminali seva. Kile kikwazo cha programu inayokataa Windows Server mara nyingi kinaisha hapo. Windows 365 ni rahisi zaidi kuendesha, ni kompyuta ya mtu mmoja kwa bei moja ya mwezi, lakini hailali, unalipia hata akiwa likizo.

Shida yetu ni njia. Azure iliyo karibu nasi iko Johannesburg, toka 2019. Mei 12, 2024 kebo za intaneti za baharini EASSy na SEACOM zilipokatika kwa pamoja kule kusini, Tanzania ilikuwa kwenye walioumia zaidi, wenye mashine wingu walikaa wanaangalia duara linazunguka wakati wenye seva ndani ya jengo waliendelea kutoa invoisi. Kwa hiyo kama watu wako wote wako jengo moja na kazi ni ya ndani, seva iwe ndani. Kama wametawanyika mikoani na jengo lenyewe umeme wake haueleweki, wingu lina hoja, ila uwe na laini mbili za kampuni tofauti na uulize kila moja inapita kebo ipi, maana unaweza kulipia mbili zote zikapita njia moja. Pima kwanza ucheleweshaji kutoka ofisini kwako saa za kazi, ukivuka milisekunde 150 watu wataanza kulalamika herufi zinachelewa. Na kama unabeba taarifa za wateja kuzipeleka nje ya nchi, soma Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 sehemu ya kusafirisha taarifa kabla ya kuhamisha chochote.

MamaLeja:

Na vikao vya Teams? Sisi kila Jumatatu tukifungua video wote mashine inaganda mpaka Tally.

Swichi_Kuu:

Hiyo ni kwa sababu video ya watu wote inachakatwa na seva, prosesa moja inabeba kamera 15. Teams na Zoom zifunguliwe kwenye kompyuta ya mtu mwenyewe nje ya sesheni. Zile kompyuta za zamani zilizokataliwa na Windows 11 weka Linux Mint na Remmina (programu ya kuingilia kwa RDP), inaingia kwenye teminali seva vizuri na kikao unafungulia kwenye brauza ya hapo hapo. Usiziache na Windows 10 isiyo na huduma eti kwa sababu zinatumika kuingilia tu, mdudu anayeiba paswedi anaiba hapo hapo mtu anapoichapa.

Kijana_wa_Imeji:

Hapo kwenye kujaribu kabla ya kununua ungewaelekeza mkuu, wengi wananunua kwa kuangalia profoma tu.

Swichi_Kuu:

Kweli. Windows Server ya majaribio ni siku 180 bure, RDS ndani yake ina zile siku 120. Chukua kompyuta yoyote yenye GB 32, weka watu watano wa kweli, na mmoja wao awe mhasibu. Jaribio lipite kwenye mwisho wa mwezi na siku za ritani za kodi, maana wiki ya kawaida haikuonyeshi kitu. Angalia RAM kila mtu anakula ngapi kweli kweli halafu zidisha, hiyo ndiyo namba ya kumpelekea muuzaji, sio yeye akupe yake. Kila printa ya jengo itoe karatasi moja. Na zima umeme kabisa saa sita mchana uone UPS ya seva inadumu muda gani mpaka jenereta ishike, na je swichi ya ghorofani ina UPS au seva iko hai lakini hakuna anayeifikia.

Pwani254:

Swali la mwisho kaka, tuna wale wa zamu, mezani kompyuta sita lakini watu 18, asubuhi, jioni na usiku. RDS CAL ninunue 18?

Swichi_Kuu:

Hapana, hapo nunua za kifaa, sita tu. Ila mkubaliane hakuna anayeingia na laptopu yake ya nyumbani, maana kila kifaa kipya kinataka CAL yake. CAL za kawaida za Windows Server nazo zichukue za kifaa hivyo hivyo.